Si Takrima, ni Hongo: Jibu kwa Mwanafunzi Aliye Ng'ambo

Imekuwa desturi sasa, kila kampeni za uchaguzi zinapopamba moto hapa kwetu, vijana wetu walioko masomoni ng'ambo kutuletea hukumu. Hukumu yenyewe haibadiliki: Wazungu hufanya uchaguzi, sisi hufanya ngoma, Wazungu huuliza sera, sisi huuliza sabuni. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha sarufi hapa Kampala na ambaye sasa anasoma Uingereza, aliniandikia barua ndefu baada ya uchaguzi wetu wa tarehe 15 Januari 2026, akiulinganisha na ule wa Uingereza wa tarehe 4 Julai 2024 alioushuhudia kwa macho yake. Kwa kuwa barua hiyo yasema kwa ufasaha yale ambayo wengi wetu husema kwa kunong'ona katika vyumba vya walimu, nimeona yafaa nimjibu hadharani, mbele ya walimu wenzangu, bila ya kumtaja jina.

Kwanza tumtendee haki. Kijana huyu hakutusimulia ndoto. Aliona uchaguzi ulioitishwa tarehe 22 Mei 2024, Waziri Mkuu Rishi Sunak akiutangaza huku mvua ikimlowesha nje ya makao yake rasmi, na wiki sita baadaye mambo yote yakawa yamekwisha. Aliona wagombea wakibisha hodi mlango kwa mlango na kuacha karatasi za maelezo. Hakuona magari ya vipaza sauti, wala fulana za bure, wala matangazo ya kisiasa ya kulipiwa katika televisheni, kwa sababu sheria ya huko huyakataza. Watu walipiga kura mashuleni na katika kumbi za makanisa. Kesho yake aliyeshindwa alikwisha kukiri kushindwa na kufungasha virago, na Keir Starmer akaingia mahali pake. Hayo yote ni kweli, na ni mambo ya kutamanika.

Lakini kijana hakuishia hapo. Alimaliza kwa kusema kwamba tusilaumu sheria wala watawala. Tujilaumu sisi wapiga kura, kwani Mwafrika huchagua kwa tumbo na bado hajakomaa. Hapa ndipo tunapoachana njia. Neno hilo la kukomaa twalijua vizuri. Ni neno walilotumia wakoloni walipoulizwa kwa nini hawatupi uhuru. Kulisikia leo likitoka kinywani mwa mjukuu wa wale waliolikataa ni jambo la kusikitisha, na dawa yake si matusi bali ni historia.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Utulivu alioukuta kijana wetu Uingereza haukuzaliwa na watu wa huko. Uliundwa, tena kwa muda mrefu na kwa mabavu ya sheria. Hadi mwaka 1872 Mwingereza alipiga kura kwa sauti, mbele ya watu, huku mwenye nyumba wake na mwajiri wake wakimsikiliza. Wagombea waliwanywesha wapiga kura pombe, wakawalisha, wakawalipa. Kulikuwa na mahali paitwapo Old Sarum palipobaki kilima kitupu, lakini pakaendelea kupeleka wabunge wawili London hadi mabadiliko ya mwaka 1832. Mwandishi mashuhuri wa riwaya, Anthony Trollope, aligombea katika mji wa Beverley mwaka 1868 akashindwa. Rushwa ya mji huo ilipochunguzwa ilionekana imekithiri mno hata Bunge likaunyang'anya mji mzima haki ya kuwa na wabunge wake, mwaka 1870.

Ni nini basi kilichowaponya? Je, walingoja wakomae? La hasha! Sheria ya mwaka 1872 ilileta kura ya siri, na sanduku lililotumika mara ya kwanza, katika mji wa Pontefract mwezi Agosti mwaka huo, limehifadhiwa hadi leo. Sheria ya mwaka 1883 ikafuata. Ikaweka kikomo cha fedha ambazo mgombea aliruhusiwa kutumia, na ikatia adhabu kali kwa mwenye kuhonga. Mara alipofungwa mkono mtoaji, mpokeaji naye akasahau kupokea. Wajukuu wa wale walevi wa Beverley ndio hao wanaosifiwa leo kwa kuchagua kwa akili. Damu haikubadilika, sheria ndiyo iliyobadilika, na ikatekelezwa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hapa Uganda tunayo Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya mwaka 2005 inayoharamisha hongo, na mahakama zetu zimepata kuwavua viti baadhi ya wabunge kwa kosa hilo. Lakini hatuna kikomo cha fedha ambazo mgombea aweza kumwaga katika kampeni. Mwenye magunia ya sukari ayashushe. Asiye nayo na apige makofi. Kenya walitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini viwango vilipopangwa kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2022, Bunge lao lilivikataa. Je, wabunge hao walikuwa wakimlinda nani: mama mwenye kipande cha sabuni, au mwenye lori la sabuni?

Hapa nataka niingie katika shamba letu sisi walimu wa lugha, maana ufisadi wa kampeni huanza kwa kufisidi maneno. Fikirini neno takrima. Ni neno zuri, lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa karimu, ukarimu na karama. Maana yake ni kumheshimu mtu kwa kumtendea wema. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ya uchaguzi ili kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, kisihesabiwe kuwa rushwa. Umma ukakipa kifungu hicho jina la takrima, na kwa muda wa miaka kadhaa neno hilo tukufu likatumikishwa kama kijakazi. Pilau ikawa takrima, khanga zikawa takrima, bahasha ikawa takrima. Walioulizwa wakajibu kwa methali: mkono mtupu haulambwi.

Mashirika matatu ya wanasheria na watetezi wa haki na mazingira yaliupeleka mzozo huo mbele ya Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 Mahakama ikatamka kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, kwa kuwa vyambagua mgombea maskini na kuipotosha haki ya mpiga kura ya kuchagua kwa hiari. Naliona kuwa tendo la ukombozi, si la siasa peke yake, bali la lugha pia. Neno lilirudishwa kwao.

Nasi tuliangalie jambo hilo kwa kipimo cha mila zenyewe zinazosingiziwa. Katika ukarimu wa Kiafrika, nani humpa nani? Mwenyeji humpa mgeni. Mgeni ajapo, kuku huchinjwa na mwenye nyumba, si na mgeni. Mgombea aingiapo kijijini ni mgeni. Basi kwa mila yetu yeye ndiye wa kupewa maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Iweje basi ukarimu huu wa kampeni utembee kinyumenyume, mgeni amlishe mwenyeji? Tena ni ukarimu gani huo ujao mara moja katika miaka mitano, ukaondoka siku ya kuhesabu kura? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hangoji siku ya tatu.

Kuna neno jingine lililo kinyume cha takrima kwa uaminifu wake, nalo ni hongo. Karne ya kumi na tisa misafara ya biashara iliyotoka pwani kuja bara ilitoa hongo kwa watemi na machifu ili ipewe njia. Ilikuwa ushuru, kitu cha wazi, na kila mtu alijua kwamba ni bei ya kupita. Leo neno hilo limekuwa jina la rushwa, na kwa maoni yangu limekaa mahali pake barabara. Ile sabuni ni bei ya kupita. Msafara wapita kijijini, walipa, na safari yaendelea hadi bungeni. Kijiji chabaki kilipo. Tuliite basi jambo kwa jina lake. Si takrima, si uwezeshaji, si chai, si asante. Ni hongo.

Yawezekana kijana wetu akauliza: na yule anayepokea je, hana lawama? Anayo sehemu yake, sikatai. Lakini tupime kwa mizani ya haki. Mama anayepokea sabuni hajamwona mbunge wake tangu uchaguzi uliopita, wala hana ofisi ya kumwendea wala njia ya kumdai. Kwake yeye, kipande kile ndicho pekee kilicho hakika katika maneno yote yaliyosemwa siku hiyo. Hajachagua tumbo akaacha sera, sera hakuletewa. Ukimnyima mtu chakula kisha ukamcheka kwa kula ganda, aibu ni ya nani?

Tena si kweli kwamba watu wetu hawapendi hoja. Kampala yenyewe ni shahidi. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 palizuka hapa mijadala ya hadhara iliyorushwa na redio, ikaitwa kwa Kiganda ebimeeza, kutokana na meza walizozizunguka wazungumzaji. Redio One ilirusha ya kwake kutoka Club Obligatto. CBS ilikuwa na ya kwake kwa lugha ya Kiganda, na kumbe ilipewa jina la Kiswahili: Mambo Baado. Makuli, mawakili, wauza duka na wanafunzi walisimama kwa zamu kuwauliza wakubwa maswali, na wasikilizaji wakawafuata kwa redio majumbani. Hakuna aliyewapa sabuni ili waje. Ebimeeza zilikufaje? Je, ziliuawa na wananchi wasiokomaa? Zilipigwa marufuku mwezi Septemba 2009, wakati wa ghasia zilizozuka kwa sababu ya Kabaka kuzuiwa asizuru Kayunga. Wananchi walikuwa tayari kuzungumza; meza ndiyo iliyoondolewa.

Na twende mbele zaidi, ingawa yauma. Mwezi Novemba 2020, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, kukamatwa katika wilaya ya Luuka, zilizuka ghasia ambazo kwa hesabu ya serikali yenyewe ziliua watu zaidi ya 50, wengi wao kwa risasi. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima, na Januari 2026 ikazimwa tena. Mahakama ya Juu nayo, katika mashauri ya Kizza Besigye ya mwaka 2001 na 2006, ilikiri kwamba sheria za uchaguzi hazikufuatwa sawasawa. Lakini kwa kura tatu dhidi ya mbili mara ya kwanza, na nne dhidi ya tatu mara ya pili, ikaona kwamba kasoro hizo hazikutosha kuyatengua matokeo. Kijana wangu, katika mambo haya, ni lipi lililosababishwa na tumbo la mpiga kura?

Na kama kukubali kushindwa ndiko kukomaa, basi Kenneth Kaunda alikomaa Zambia mwaka 1991, Goodluck Jonathan akakomaa Nigeria mwaka 2015, na Mahamudu Bawumia akakomaa Ghana mwezi Desemba 2024. Wote hao ni Waafrika. Marekani, ambayo imepiga kura kwa zaidi ya karne mbili, iliona wafuasi wa aliyeshindwa wakivamia bunge lao tarehe 6 Januari 2021. Hata huo uchaguzi wa Uingereza uliomvutia kijana wetu ulikipa chama kimoja viti zaidi ya 400 kati ya 650 kwa karibu asilimia 34 tu ya kura. Kila nchi ina kilema chake cha kutibu. Lenye kutofautisha ni kama kilema hicho chatibiwa au chapambwa.

Sasa nageukia kwetu, ndugu walimu, maana sipendi makala haya yawe ya kuwasema wengine tu. Ilani za vyama vyetu vikuu huandikwa kwa Kiingereza, na sheria za uchaguzi kadhalika. Kinachomfikia mpiga kura wa Karamoja, wa Kasese au wa Busia ni wimbo, kauli mbiu na rangi ya fulana. Mapatano yameandikwa kwa lugha moja, na shangwe zimepigwa kwa lugha nyingine. Mtu atawezaje kudai ahadi asiyoisoma?

Kiswahili chaweza kuwa daraja hapa, lakini tusijidanganye juu ya historia yake kwetu. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi wa Kampala walikisikia kwanza kikitoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabara. Ndiyo sababu wengine hukitilia shaka hadi leo. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha iliyoingia kwa amri yahitaji kuthibitisha kwamba ni lugha ya kuulizia pia, si ya kuamrishia tu.

Wala tusiseme kwamba Kiswahili chenyewe ni dawa. Watanzania wana Kiswahili kitamu kuliko chetu, na ilani zao zasomeka hadi vijijini. Hata hivyo, matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar yalifutwa mwezi Oktoba 2015. Na tarehe 29 Oktoba 2025 Tanzania nzima ilipiga kura huku chama kikuu cha upinzani kikiwa kimeenguliwa, kiongozi wake Tundu Lissu yuko gerezani, intaneti imezimwa na damu yamwagika mitaani. Ufasaha hauzuii dhuluma. Lakini pasipo lugha ya pamoja dhuluma haina hata wa kuisoma hati yake ya mashtaka.

Basi mwalimu wa Kiswahili afanye nini? Simwambii afanye kampeni darasani. Hilo si kazi yake, na wazazi hawatamsamehe. Namwambia afundishe sarufi. Achukue ahadi moja ya kampeni, ya chama chochote, aiandike ubaoni: "Barabara itajengwa." Kisha awaulize wanafunzi: kitenzi kiko katika kauli gani? Watajibu, kauli ya kutendwa. Mtendaji ni nani? Hayumo. Lini? Kiambishi -ta- chasema wakati ujao, na wakati ujao hauna mwisho. Wapi hadi wapi? Kwa fedha zipi? Awaagize waigeuze sentensi iwe ya kutenda, wamtaje mtendaji, tarehe, mahali na gharama. Mtoto aliyefanya zoezi hilo mara kumi hatasahau kumtafuta mtendaji aliyejificha. Afanye vivyo hivyo na maneno "tutahakikisha", "tutaendelea" na "kwa kushirikiana na wananchi", ambayo aghalabu ni maficho yale yale yenye mlango mwingine.

Kisha awafundishe neno kura lenyewe. Asili yake ya Kiarabu ni bahati nasibu, kile kijiti cha kuamulia nani apate nini. Na akalulu ya Kiganda ina maana hizo hizo mbili. Lugha zetu zote mbili zilianza kwa kuiita kura mchezo wa bahati. Kazi ya shule ni kuiondoa huko, ili kijana atumbukizapo karatasi yake ajue kwamba hachezi bahati nasibu, bali anaajiri.

Nawe kijana wangu uliye ng'ambo, soma kwa bidii, na uyatazame ya huko kwa macho mawili. Usituletee dharau, tunayo ya kutosha. Tuletee ile sheria ya mwaka 1883, uifasiri kwa Kiswahili safi, kifungu kwa kifungu, tuipeleke kwa wabunge wetu na kwa wale waliowachagua. Hiyo itatufaa kuliko barua kumi za kutuambia kwamba hatujakomaa. Ukiimaliza, niletee niisahihishe.